Hewa Gani, na Kiasi Gani

Mwezi wa sita, ukungu ukiingia Milanzi, mjini Sumbawanga, hutulia usawa wa madirisha na kukaa hapo kama mgeni ambaye hana haraka ya kuaga. Watu wanaokwenda sokoni huonekana miguu kwanza, vichwa baadaye. Ndani ya weupe huo husikika mlio wa kompresa, mlio wa chini usiochoka, unaopenya kuta za jirani na kuchanganyika na ndoto za waliolala. Watoto wa mtaa ule wamekua nao. Ukizimika ghafla, wanaamka.

Mwenye mlio huo ni Albina, fundi wa majokofu. Alizaliwa Milepa, kule chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa, akapandishwa uwandani angali mdogo kuishi na shangazi yake aliyelima mahindi na ulezi. Mito ya kwao ilikuwa na mamba, kwa hiyo tangu utotoni alifundishwa kuyaogopa maji yoyote yanayopita magoti. Hakujifunza kuogelea. Alichojifunza ni hewa. Chuoni Mbeya walimfundisha namna gesi inavyobanwa, inavyopoa, inavyotoroka kwenye tundu dogo kuliko ncha ya sindano, na yeye alikuwa na sikio la mambo hayo. Angeweza kusimama mlangoni pa duka la soda na kusema jokofu la pili linavuja, kabla hajaweka begi chini.

Huko huko Mbeya alikutana na Lugano, Mnyakyusa wa Kyela, aliyelelewa kando ya Ziwa Nyasa. Lugano ni mtu wa maji kama Albina alivyo mtu wa hewa. Walipooana na kuhamia Sumbawanga, mashangazi walicheka wakauliza huyu mkwe ataogelea wapi, kwenye shamba la ulezi? Lakini kazi ilipatikana. Maximilian, mzaliwa wa hapa hapa mjini, alikuwa ameanza biashara ya samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, pale Kasanga. Hawavuliwi kwa ndoano. Mtu huzama na mtungi wa hewa mgongoni, akawaswaga taratibu kwenye wavu laini, wakapandishwa wakiwa hai, wakasafirishwa hadi kwa watu wa mbali wanaowafuga kwenye vioo. Lugano akawa mmoja wa wazamiaji wake wawili. Wa pili alikuwa Jafeti, rafiki yake wa tangu ujana.

Kompresa ya kujazia mitungi Maximilian aliiweka Milanzi, nyuma ya karakana ya Albina, kwa sababu umeme wa mjini una nafuu na kwa sababu Albina yupo. Kwa hiyo hewa waliyoivuta kina Lugano chini ya ziwa ilikuwa hewa ya uwanda wa Ufipa, iliyochujwa na kushindiliwa kwenye chuma, ikateremshwa kwa gari hadi ziwani. Albina alikuwa akiongezea humo oksijeni kiasi, ili mzamiaji aweze kukaa chini muda mrefu zaidi bila mwili kulemewa. Ikizidi ni hatari, ikipungua haina maana, hivyo kila mtungi ulipimwa. Kipimo chenyewe kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni. Unakifunga kwenye mdomo wa mtungi, unafungua koki kidogo, hewa inapita taratibu mbele ya kihisio, kidude kinachoinusa oksijeni, namba inatokea. Albina aliiandika namba hiyo kwenye kipande cha plasta nyeupe na kukibandika kwenye shingo ya mtungi.

Alipenda kazi ile kuliko majokofu. Alimwambia Lugano kwamba mtungi ukipoa baada ya kujazwa hutoa sauti ndogo, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Unanilazia hewa," Lugano alisema akicheka, "mimi nakwenda kuiamsha."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na yalikuwa mema.

Siku moja mchana, gari la Maximilian lilirudi kabla ya siku yake. Jafeti alishuka kwanza, akasimama mlangoni mwa karakana akiwa ameshika kofia.

"Shemeji, nimekuletea mtu wako. Ni mzima."

Albina alilisikia neno hilo la mwisho na moyo ukamruka, maana hakuwa ameuliza. Akatoka nje. Lugano alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, amejifunika blanketi, anatazama ukuta wa nyumba kana kwamba upo mbali sana.

"Kuna nini, Baba Rose?"

"Hakuna kitu," Lugano alisema. "Nimechoka tu."

Jafeti ndiye aliyesimulia, wakiwa wamekaa jikoni, chai ikiwapoa mbele yao. Alikuwa amezama na mtungi mmoja asubuhi, akautumia zaidi ya nusu, akarudi juu kuchukua wavu mwingine. Akauweka ule mtungi kwenye mstari pamoja na iliyojaa, plasta ya Albina ikiwa bado shingoni. Baadaye Lugano alikuja, akasoma namba kwenye plasta, akaona mchanganyiko ni ule autakao, akaubeba huo huo.

"Na geji yake?" Albina aliuliza. "Si angeona mtungi haujajaa?"

"Mshale ulikuwa umeganda, shemeji. Ulionyesha umejaa tukiwa juu, ukaendelea kuonyesha umejaa mpaka hewa inakata." Jafeti aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyeuacha pale na plasta. Ningeibandua, yasingetokea."

"Umemrudisha," Albina alisema. "Kunywa chai."

Siku zilizofuata Lugano hakuumwa mahali popote, na hakuwa mzima. Alikaa nyuma ya nyumba, mahali walipoanika ulezi kwenye turubai, akiegemea ukuta wenye jua. Binti yao Rose akirudi shule alikaa naye, akimpangia vijiti na mawe mapajani, na yeye alivipokea kimoja kimoja. Mara nyingi alitazama juu. Mawingu ya Ufipa wakati ule wa mwaka hupita chini chini na haraka, na kivuli chake hukimbia mashambani, mahindi yaliyokauka yakizima na kuwaka. Albina akipita na ndoo alimwona mumewe akiyafuata mawingu yale kwa macho, na alijua kwamba haoni mawingu.

Hakumwuliza. Albina hajui kuuliza mambo ya namna hiyo. Hungoja, kama anavyongoja baridi ishike kwenye jokofu kabla hajafungua mlango. Usiku aliota yeye. Aliota anatembea Milanzi na barabara imejaa maji mpaka juu ya mapaa, maji safi yenye mwanga, na watu wote wa mtaa wanapita ndani yake wakisalimiana, mapovu yakiwatoka midomoni badala ya maneno. Katika ndoto hiyo hakuogopa, na alipoamka alikaa kitandani akijiuliza kwa nini.

Mchana mmoja, wakipembua ulezi pamoja, Lugano akaanza mwenyewe.

"Hewa ilipokuwa nzito nilijua ni nini," alisema. "Unavuta, inakuja kidogo. Unavuta tena, unajikuta unaivuta kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Nikatazama geji, inasema umejaa. Nikatazama juu. Jua lilikuwa limeingia majini kama nyuzi, Albina, nyuzi nyingi, zinacheza. Na wale samaki wadogo wa bluu wamenizunguka, hawana habari na mimi. Nikaona pale ni pazuri."

Albina aliendelea kupembua.

"Jafeti aliponishika bega na kunipa kile cha mdomoni mwake, unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimekaa. Nimekaa juu ya jiwe kama mtu aliyefika kwao. Sikupiga miguu, sikumwita. Nilikuwa nimekaa tu, natazama."

"Uliogopa?"

"Hapana. Kule sikuogopa hata kidogo." Akashika ungo wake kwa mikono miwili. "Naogopa sasa, nikikumbuka kwamba sikuogopa."

Makapi ya ulezi yalikuwa yanapeperuka baina yao, mekundu mekundu, yakitua kwenye nywele za Lugano. Albina alinyoosha mkono akayaondoa. Kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa bado dirishani, alikichukua kile kipimo cha oksijeni, akakiweka juu ya meza ya karakana na kukitazama muda mrefu.

Kipimo kile kiliulizwa swali moja na kililijibu vizuri: hii ni hewa gani. Hakuna aliyekiuliza ni kiasi gani. Swali hilo la pili liliachiwa mishale ya geji, na mshale unaweza kuganda. Lakini kila mtungi ulipita kwenye kipimo, na kila ulipopita, hewa yake yote ilikuwa imesimama pale nyuma ya koki, inasukuma. Kabla haijafika kwenye kile kitundu kinachoipunguza ili iende taratibu kwenye kihisio cha oksijeni, inasukuma kwa nguvu zake zote. Mtu angeweka sikio la pili mahali hapo, kabla ya kitundu, angepata majibu mawili kwa mpigo, na asingeweza kulipata moja bila kuliona lingine.

Alimpigia simu Maximilian. Maximilian alikuja, akasikiliza akiwa amesimama katikati ya majokofu mabovu.

"Si ninunue geji mpya tu, Mama Rose?"

"Nunua, bosi. Lazima ununue. Lakini na mpya itazeeka, na siku ikiganda haitatuambia. Nataka kuwe na kitu cha pili kinachosema."

"Kipimo hicho ukikiharibu sina kingine. Tutazama kwa kubahatisha."

"Nikikiharibu, hatuzami."

Maximilian alimtazama Lugano kwa dirishani, amekaa kwenye turubai, uso juu. "Haya," alisema. "Fanya."

Kilichohitajika ni kihisio cha presha chenye uwezo wa kuhimili mtungi uliojaa. Vile vya majokofu na vya viyoyozi vya magari, ambavyo Albina alikuwa navyo tele, vingepasuka. Calvin, fundi wa mitambo mikubwa aliye na gereji njia ya Matai, alimtolea kimoja kutoka kwenye greda bovu, kizito na imara. Albina alikichukua kwa furaha. Alikisafisha, akakianika, akakisafisha tena. Kisha akakinusa, akakirudisha.

"Kina shida gani?" Calvin alishangaa. "Hicho kinahimili kuliko huo mtungi wako."

"Kimekaa kwenye mafuta miaka yote. Nimekiosha, lakini ndani kabisa bado kinanukia mafuta. Nikipitishia oksijeni ya kukandamizwa, kinaweza kuwaka mikononi mwangu."

"Basi kumbe nilikuwa nakupa kiberiti."

"Ulikuwa unanipa msaada, kaka. Ndiyo maana nimekirudisha mwenyewe."

Mwisho alimkumbuka Happyness, waliyesoma naye Mbeya, ambaye sasa yupo Dar es Salaam akifunga mitungi ya gesi asilia kwenye magari na bajaji. Mitungi hiyo nayo hubeba presha kubwa, na kila gari hufungwa kihisio chake. Happyness alicheka kwenye simu hadi akakohoa.

"Sumbawanga mnazamia? Mnazamia wapi, kwenye viazi?"

"Nitumie kipya, ambacho hakijafungwa kokote. Kisiwe kimeguswa na mafuta."

"Na kusoma utakisomaje?"

"Ndiyo nilitaka unifundishe."

Wakafundishana kwa simu, sauti ya Happyness ikikatika na kurudi, nyuma yake honi za Dar es Salaam, mbele ya Albina kuku wa jirani. Kihisio kilifika kwa basi, kimefungwa kwenye soksi mpya ya mtoto, pamoja na ubao mdogo wa kompyuta mwembamba kama biskuti. Albina alichonga kiungo cha shaba chenye midomo mitatu: mmoja wa kushika mtungi, mmoja wa kihisio kipya, mmoja wa kuendelea hadi kwenye kile kitundu na sehemu ya oksijeni, ambayo hakuigusa. Kioo kidogo cha kipimo alikigawa mistari miwili. Wa juu, oksijeni. Wa chini, presha.

Wakati wote huo Lugano alikuwa akisogea. Siku ya kwanza kiti chake kilikuwa kwenye turubai. Baadaye kilikuwa mlangoni mwa karakana. Halafu kilikuwa ndani, na yeye ameshika tochi ya simu wakati Albina akiunga waya.

Jaribio la kwanza lilivuja. Albina alipaka povu la sabuni kwenye kiungo, likachanua puto moja dogo lenye rangi zote, likakua polepole, likapasuka. Lugano alitazama puto lile kana kwamba analijua kwa jina.

"Huko chini mapovu ni hivyo hivyo," alisema. "Yanapanda yakikua. Yakifika juu ni makubwa kama sahani."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeye kutaja kule chini bila sauti yake kubadilika. Albina alikaza kiungo.

Jaribio lililofuata halikuvuja. Namba ya chini ilipanda pamoja na mshale wa kompresa, hatua kwa hatua, kama watu wawili wanaopanda ngazi wakizungumza. Walifungua mtungi mmoja baada ya mwingine, uliojaa, wa nusu, uliokaribia kwisha, na kila mara kioo kilisema sawasawa. Habari zikaenea mtaani kwa namna zinavyoenea, na jioni Bibi Kristiana wa nyumba ya pili akaingia, amejifunga kitenge cha heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umetengeneza kipimo cha presha."

"Ndiyo, bibi."

Bibi akaketi, akakunja mkono wa blauzi hadi kwenye kiwiko, akaunyoosha juu ya meza. "Nipime. Kichwa kinaniuma tangu Pasaka."

Lugano ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika ukingo wa meza, machozi yakimtoka, na Albina akacheka kwa sababu ya kumwona yeye, na bibi akacheka bila kujua anachekea nini. Walipomweleza alisema basi na iwe hivyo, mitungi nayo ni viumbe. Kesho yake Albina alimpeleka zahanati.

Halafu Lugano akasema atakwenda Kasanga.

"Kuzama?" Albina aliuliza.

"Kwenda. Tukifika nitajua. Twende wote. Kipimo ni chako, wewe ndiye unayekijua."

Albina hakuwahi kushuka upande ule. Alizaliwa chini ya uwanda kwa mashariki, akaolewa na mtu anayefanya kazi chini yake kwa magharibi, na yeye katikati, juu, na kompresa yake. Waliondoka jua likiwa limeshapanda, Jafeti akiendesha, Rose ameachwa kwa shangazi, mitungi imelazwa nyuma kwenye magodoro. Albina alikaa na kipimo mapajani. Alikuwa amekiwasha makusudi, hakijafungwa kwenye mtungi wowote, kinavuta tu hewa ya ndani ya gari, ili aone kama mtikisiko wa barabara utakisumbua. Mstari wa juu ulisoma ishirini na moja, oksijeni ya hewa ya kawaida, kama alivyoulinganisha asubuhi Milanzi.

Walipita mashamba yaliyovunwa na matuta ya mboji yaliyokaa mviringo kama makundi ya kondoo waliolala. Walipita Matai. Kisha nchi ikaanza kuinama. Upepo uliotoka dirishani ukapoteza makali yake, ukawa kama pumzi ya mtu wa karibu. Albina alivua sweta. Alipotazama mapajani, mstari wa juu ulisoma ishirini na mbili.

Alikigonga kwa kidole. Barabara ilizunguka kilima, miti ikabadilika, na namba ikapanda tena kidogo.

"Kimeharibika," alisema kwa sauti ndogo.

"Kinasemaje?" Lugano aliuliza.

"Kinasema oksijeni inaongezeka. Haiwezekani, hewa ni ile ile."

Lugano alipiga mwayo ili masikio yamzibuke, halafu akageuka. "Masikio yako vipi?"

"Yameziba."

"Ya kwangu pia. Tunashuka, Albina."

Akaelewa, akaduwaa. Juu Sumbawanga hewa ni nyepesi, chini ni nzito. Kihisio hakihesabu sehemu ya oksijeni, kinasikia uzito wake. Hewa ilikuwa ile ile kweli, ila ilikuwa imesongamana zaidi kumzunguka, kadiri gari lilivyoshuka, na kile kitu kidogo mapajani mwake kilikuwa kinaihisi kabla ya ngozi yake. Ina maana wangekilinganisha mjini na kukitumia ziwani bila kukilinganisha upya, kingesema zaidi ya ukweli. Aliwaeleza. Jafeti alipiga mluzi.

"Kwa hiyo tukifika?"

"Tukifika tunakiacha kivute hewa ya pale pale, tunakiambia: hii ndiyo ishirini na moja. Ndipo tunapima."

Waliendelea kushuka. Albina hakukizima. Aliitazama namba ikipanda hadi karibu ishirini na nne, na ilimjia ile hisia ya ndoto yake, ya kutembea ndani ya kitu ambacho siku zote kilikuwepo na hakuwa amekiona.

Ziwa lilitokea bila kuaga. Kwanza alidhani ni anga imeteremka nyuma ya vilima. Kasanga ilikuwa na joto na kelele zake za kawaida, maboti ya mizigo ya Kongo na Zambia, magunia, harufu ya samaki aina ya migebuka wanaokaushwa. Maximilian alikuwa anawasubiri ufukweni upande wa miamba. Albina akakilinganisha kipimo na hewa ya pale, akaanza kupima mitungi kwenye kivuli cha turubai. Oksijeni ilikuwa ile ile aliyoiweka mwenyewe. Presha ilikuwa juu kidogo kuliko alivyoiacha Milanzi.

"Na hii nayo ni uongo wa mteremko?" Maximilian aliuliza.

"Hapana, hii ni kweli. Niliijaza kwenye baridi, sasa ina joto, inataka kutanuka. Inasukuma zaidi."

Mitungi yote ilikuwa mizima. Hakuna uliokutwa pungufu, hakuna cha ajabu kilichotokea. Jafeti alisoma kioo mwenyewe kwa kila mtungi kabla Albina hajaandika plasta, na sasa plasta zilikuwa na namba mbili. Lugano alisimama pembeni, maji yakimfika vifundoni. Alipoitwa alikuja, akafunga kipimo kwenye mtungi mmoja kwa mikono yake, akafungua koki, akasoma mstari wa juu, akasoma wa chini. Akausoma wa chini tena.

"Ndaga fijo," alimwambia mkewe, asante sana kwa lugha ya kwao, neno ambalo kwa kawaida alimwekea mama yake.

Akaenda na Jafeti. Albina aliwaona wakiingia mpaka kiunoni, mpaka mabegani, kisha ziwa likajifunga juu yao likiwa laini kama halijaguswa. Alipanda juu ya mwamba. Maji ya pale ni maangavu kiasi kwamba kivuli cha mwamba kilionekana chini kabisa, cha bluu. Baada ya muda mapovu yakaanza kutokea, makundi mawili, makubwa kama sahani, yakipasuka polepole moja baada ya jingine. Aliyatazama tu. Wanawake walioosha vyombo jirani walimsalimu, akaitikia bila kugeuka. Mapovu yakasogea kando ya mwamba, yakasimama, yakasogea. Alijikuta anavuta pumzi pamoja nayo.

Lugano aliporudi hakuwa na samaki hata mmoja. Alikaa kwenye kokoto, maji yakimchuruzika, akivua miwani.

"Umekaa huko chini?" Albina alimwuliza.

"Sikukaa. Nilikuwa napiga miguu muda wote." Akatabasamu. "Samaki wote walinikimbia, Jafeti amenichukia."

Ilikuwa nusu mzaha na nusu ombi alipomnyooshea miwani ile. Albina aliitazama, akawatazama wanawake wa vyombo, akajifunga kitenge vizuri, akaingia. Maji yalipita magoti. Yalipita mapaja. Lugano alimshikia mtungi kwa nyuma, akamwonyesha namna ya kuuma kile cha mdomoni. Aliinamisha uso, na dunia ikanyamaza. Hewa ilikuja baridi na kavu, na ikatoka kwa kishindo masikioni mwake. Mbele yake samaki wadogo wa bluu walikuwa wanakula juu ya jiwe, kila mmoja na shughuli yake, wakiwa na mistari iliyochorwa vizuri kama ya madaftari. Nyuzi za jua zilipita juu ya migongo yao na juu ya vidole vyake. Alibaki ameinama hivyo mpaka kiuno kikamuuma, na Lugano hakumharakisha.

Siku hizi wazamiaji wengine wawili wa ziwani wamemwagiza kipimo kama kile, na Albina anavichonga akipata nafasi, maana majokofu ya watu hayangoji. Juu ya kifuniko cha kila kimoja huandika kwa sindano ya moto: *Nilinganishe na hewa ya hapo ulipo.* Jafeti amekuwa mtu wa kubandua plasta. Hata chupa za sosi mezani huzibandua karatasi akiwa anaongea. Lugano anazama bado, si kwa kina kile cha zamani, na zipo siku anasema leo hapana, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Shule zikifungwa humchukua Rose waende naye, ajifunze kuogelea. Albina naye huenda akipata mtu wa kumwachia kompresa. Anaingia mpaka mabegani sasa, akimshika mumewe mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anayapapasa maji kama anavyopapasa kifuniko cha jokofu kusikiliza kama kuna kitu kinatembea ndani.